Oke ya Ukutani kwa Mama Kola

KUHUSU: UPANUZI WA MFEREJI WA MAJI YA MVUA, AWAMU YA KWANZA, SEHEMU B, NA MAMBO MENGINE YANAYOAMBATANA NAYO. Hilo ndilo jina la kiofisi la mtaro wetu, ambao mtoto wa chekechea anauruka bila kukimbia. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme, na sisi wa kijiwe tukatambua kwamba mambo mengine yanayoambatana ni sisi. Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa chumba cha ushonaji cha Mama Kola. Siku moja wapimaji walipita na kopo la rangi nyekundu. Kinyozi wa jirani akapata X. Banda la mkaa likapata X. Choo cha nyuma, ambacho hata bila serikali hakikuwa na mpango wa kusimama muda mrefu, nacho kikapata X. Mama Kola alikuwa amekwenda kununua uzi. Aliporudi alikuta ukutani kwake, kwa rangi ileile, herufi mbili: OK. Siku mbili baadaye, asubuhi, tingatinga lilikuwa linanguruma kona ya pili, na Mama Kola amesimama mlangoni, spana mkononi.

— Jamani, nisomeeni huu ukuta. Ndani nina vyerehani vinne vimefungwa kwa bolti sakafuni na mabinti watatu wanaojifunza kazi. Nikivifungua, sina pa kuvipeleka. Nisipovifungua na mashine ikaingia, nimekwisha. Hii oke maana yake nini?

Wa kwanza kuweka kikombe chini alikuwa Kamusi, karani mstaafu wa mahakama, ambaye huwezi kumuuliza saa ngapi asianze na historia ya jua.

— Mama Kola, tulia. Huwezi kujua neno linakwenda wapi kabla ya kujua limetoka wapi. Oke ilianza kama mzaha Marekani. Kulikuwa na waandishi wa magazeti wanaojifanya hawajui kuandika. Walipotaka kusema kila kitu ni sahihi, wakaliandika hilo “sahihi” kwa Kiingereza cha makosa, “oll korrect”, halafu wakafupisha makosa yao. Ikabaki O na K.

— Kwa hiyo ukuta wangu umeandikwa makosa?

— Umeandikwa sahihi, kwa makosa.

— Sasa nitoe vyerehani au nisitoe?

— Hapo sijafika.

Akadakia Nyororo, fundi baiskeli, ambaye mikono yake haijawahi kukutana na kikombe bila kukiachia alama.

— Mzee, hayo ni ya vitabuni. Oke imetoka kiwandani. Kulikuwa na mkaguzi mmoja, jina la kwanza linaanza na O, la pili na K. Kila chuma kilichopita mkononi mwake alikigonga sahihi yake. Bila O na K, hakitoki getini. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vikizama, vimekaguliwa.

— Wahenga hawakusema hivyo, akasema Kamusi.

— Hawakumaliza. Mimi nawamalizia.

— Huyo mkaguzi wako alikuwa Mjerumani au Mwingereza?

— Alikuwa kazini, mzee. Mtu akiwa kazini haulizwi kabila.

Wa tatu, Hewani, muuza vocha, alikuwa bado anachezea simu. Tunamwita Hewani kwa sababu habari zake zote hutoka huko na hakuna hata moja iliyowahi kutua.

— Wote mmepotea. Hilo neno letu. Limetoka Afrika, magharibi kule. Watu walivutwa minyororo, wakavukishwa bahari, wakafika kule wakisema “ndiyo” kwa lugha yao. Mabwana wakasikia, wakalichukua. Leo linarudi limevaa tai, tunaliogopa.

Hata Kamusi alitikisa kichwa kama hakimu aliyeletewa kielelezo asichokitarajia.

— Hilo nimewahi kulisoma, alikiri. Halijathibitishwa, lakini limesomwa.

Hewani, badala ya kushukuru na kuishia hapo, akapata moto.

— Halafu liangalieni vizuri! Inamisheni vichwa. O ni kichwa. K ni mikono na miguu. Huyo ni mtu amelala chali! Mama Kola, wapimaji wanakwambia mashine ikipita...

— Hewani! tukapiga kelele wote.

— Natafsiri tu.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Nyororo akamwambia Mama Kola kwa huruma, na wewe ni fundi nguo.

Mama Kola alimwangalia kama anampima shati la kuzikiwa.

— Basi tuachane na lilikotoka, akasema. Siku hizi linasemaje?

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana kila mtu ana jeraha lake. Nyororo akasema siku hizi oke si kukubali tena: mteja akiambiwa baiskeli ni kesho akajibu “oke”, hajakubali, amechoka. Hewani akasema nyumbani kwake neno hilo linazidi kukonda. Zamani mkewe aliandika “oke mume wangu”. Likaja “oke” tupu. Sasa anatumiwa K peke yake, na siku ya K hakuna anayezungumza mpaka taa izimwe. Kamusi akasema ya ofisini ndiyo hatari zaidi. Mkubwa akikuandikia oke, maana yake ni: nimeona, ila siku ya siku mimi sikuwepo.

— Kwa nini tusiende kuuliza ofisini? nikasema.

Wakanigeukia kama nimependekeza tukamwamshe mbwa tumhesabu meno.

— Ukiuliza utajibiwa! akasema Kamusi. Sasa hivi ukuta una oke. Ukienda pale, watafungua jalada. Jalada likifunguliwa, oke inakuwa “suala”. Suala linaundiwa kamati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; mtaka cha ofisini sharti arudi kesho. Na mashine ni leo.

Kweli mashine ilikuwa leo. Banda la mkaa lilikwisha kulala. Mtingisho ulifika kwenye benchi, kahawa ikaanza kucheza vikombeni. Tingatinga likanyamaza mbele yetu, akashuka dereva, mwanamume mpana mwenye vumbi hadi kwenye kope. Akaangalia ukuta. Akatuangalia sisi.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba.

— Hii oke, nani kaiandika?

Wasomaji wangu, niwaambie ukweli. Asubuhi nzima tulikuwa tumevuka bahari mara mbili kutafuta asili ya neno. Tulikuwa na waandishi, mkaguzi na mtu amelala chali. Ya ukutani, umbali wa mgongo na mbao, hakuna aliyejua imetoka wapi. Kamusi alikohoa. Nyororo akaanza kufuta kikombe. Hewani ndiye aliyefungua mdomo.

— Mhandisi mwenyewe! Alikuja na gari jeupe, akashuka...

— Hapana, akasema Mama Kola.

— Mama, niachie mimi...

— Nimesema hapana. Mwanangu, akamgeukia dereva, aliyeandika hatumjui. Mimi sikuwepo. Sikuandika mimi, ningeandika mimi ningeandika Kiswahili, na kwa herufi kubwa kuliko hizo. Ndani mna vyerehani na mabinti wanaotegemea kazi hii. Ukiniambia nivitoe, nipe muda nivitoe. Ila sitakudanganya ili ukapate matatizo kazini kwako.

Hewani alifumba macho kama mtu anayeangalia penalti. Dereva alikuna shingo.

— Mimi nimeambiwa X, bomoa. Pasipo na X, pita pembeni. Oke sikuambiwa.

Akatoa simu, akapiga, akaiweka sauti ya juu kwa sababu mikono ilikuwa na grisi.

— Bosi, hapa kuna ukuta umeandikwa oke.

Upande wa pili karatasi zilipekuliwa.

— Umeandikwa nini?

— Oke.

— Oke?

— Ndiyo bosi. Oke.

Mama Kola aliishika spana kwa mikono miwili.

— Oke, ikasema simu, ikakatika.

Hapo nilidhani benchi litapasuka.

— Amekubali! akaruka Nyororo.

— Amesikia, akasema Kamusi. Kusikia si kukubali. Ile yake ya kwanza ilikuwa na alama ya kuuliza, lakini hii ya mwisho...

— Ya mwisho ilishuka, akasema Hewani. Mke wangu akiishusha hivyo, ujue hajakubali.

— Bosi si mkeo!

— Na wewe si bosi!

Walipokuwa bado wanabishana kama ilishuka au ilipanda, dereva alikwisha panda mashine yake. Mama Kola alimfuata hadi kwenye ngazi.

— Kwa hiyo, mwanangu?

— Nimeripoti, mama. Nimejibiwa. Wasogeze hao wazee na benchi lao, napinda.

Akapinda. Mtaro ulitoka kwenye banda la mkaa, ukauzunguka ukuta wa Mama Kola kwa upande wa barabarani, kisha ukanyooka tena. Ofisini hakuna aliyekuja kuuliza, na aliyeandika zile herufi hajajulikana mpaka leo. Chumba kipo, vyerehani havikufunguliwa, na wale mabinti watatu walimaliza mafunzo yao.