Nilivyomfundisha Binti Kujibu Hoja Isiyosemwa

Assalaam alaykum wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana wa klabu za midahalo. Na ndugu zetu mnaosali kanisani, hamjambo nyote. Mwalimu mkuu kaniomba nieleze namna ya kushinda mdahalo. Nimemwambia, "Mwalimu, mie nitaanza na kushindwa, maana huko ndiko nilikosomea." Mnacheka, lakini ni kweli. Majina sitataja. Mwenye kosa ni mimi, na mimi mnaniona.

Nilimaliza kidato cha nne, nikafanya kazi ya ukarani mpaka nikastaafu. Wengi mnanijua kwa risala. Mahafali, harusi, mapokezi ya mgeni rasmi, ukisikia risala nzuri huku Wambaa, basi imetoka kwenye kalamu yangu. Kwa hiyo skuli yetu ilipoanzisha klabu ya mdahalo, walinifuata niwafundishe vijana. Nilikubali kabla hawajamaliza kuomba.

Ndugu zangu, risala husomwa, watu wakapiga makofi, ikaisha. Hakuna anayesimama kuipinga. Mimi nilikwenda kwenye mdahalo na akili hiyo hiyo.

Mada ilikuwa kwamba utalii una faida zaidi kwa Pemba kuliko kilimo. Sisi tulikuwa upande wa kupinga. Hotuba zote niliziandika mimi. Si hotuba tu, nikaandika na majibu. Nilikaa kibarazani nikakisia wenzetu watasema nini, nikatunga jawabu lake neno kwa neno, nikawapa vijana wahifadhi. Binti mmoja wa kidato cha pili, niliyempangia kujibu hoja, akaniuliza, "Babu, na wakisema jengine?"

Nikamwambia, "Mie nimeanza kuandika risala mama yako hajazaliwa. Usibadili hata nukta."

Akanyamaza. Kwetu mtoto hajibizani na mkubwa, na kimya kile nikakihesabu kuwa ni adabu.

Siku ikafika. Ukumbi kule Gombani ulijaa mpaka madirishani. Mimi nilikisia wenzetu watasema hoteli zitaajiri vijana wote. Hilo hawakuligusa kabisa. Msemaji wao alisema hoteli inanunua mboga, pweza na matunda ya wanakijiji, kwa hiyo mkulima na mtalii wanakula sahani moja. Hoja nzuri. Binti yetu akasimama, sauti safi kabisa: "Mheshimiwa mwenyekiti, mpinzani wangu ametuambia kwamba hoteli zitaajiri vijana wote wa Pemba..."

Kijana wa upande wa pili akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, taarifa! Nani kasema hayo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mmoja nyuma akapiga kelele, "Yakhe, huyu anapokea simu ya mtu mwengine!"

Binti akanitazama. Nami nikamwashiria kwa mkono: endelea. Akaendelea mpaka mwisho, machozi yanamtoka, watu wanacheka. Tulishika mkia.

Tulipotoka nje, mbele ya wenzake, nilimwambia, "Umetutia aibu. Hukuhifadhi vizuri." Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Mtoto yule hakukosea hata neno moja.

Hakurudi tena klabuni. Baada ya muda mwalimu wake akaniita. Akaniambia binti hanyooshi tena mkono darasani, akiulizwa kitu anatazama dawati. "Mzee," akasema, "huyu alikuwa akitaka kuwa mwanasheria. Sasa hata jina lake analitaja kwa kunong'ona." Nikaanza kujitetea. Mwalimu hakubishana nami. Alinipa karatasi tu, ile ile niliyoiandika mimi, ambayo binti aliiacha mezani Gombani.

Pembeni, kwa penseli, binti alikuwa ameandika hoja ya mpinzani kama ilivyosemwa. Chini yake ameandika: "Bila ya mkulima, hiyo sahani itakuwa na nini?"

Ndugu zangu, nawaambia, niliisoma mara tatu. Jawabu la kutupa ushindi alikuwa nalo mkononi. Aliliacha kwa sababu alinitii mimi.

Siku ya pili nikaenda kwao. Bibi yake alikuwa mlangoni anachambua mchele, hakuniondolea hata ungo nipite. "Umekuja kumgombeza tena, Mzee? Umebakisha nini?"

Nikasema, "Bi mkubwa, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa mtoto?"

"Kwa mtoto."

Akanitazama weee, kisha akauondoa ungo, akaita ndani, "Njoo usikie maajabu!"

Nikamwambia binti mbele ya bibi yake kwamba nilikosea mimi, na kwamba karatasi yake nimeisoma. Akasema polepole, "Babu, n'lijua kama mpinzani hakuyasema yale. Lakini ungelikasirika."

"Ningelikasirika, kweli," nikamjibu. "Rudi, unifundishe kutokukasirika."

Alirudi baada ya wiki, na nikawatangazia vijana kwamba mpinzani wao sasa ni mimi. Siku ya kwanza nikasema uongo wa makusudi: mkarafuu ukiupanda leo, mwakani unachuma. Watoto wa Pemba hao! Wote walijua si kweli, na hakuna aliyefungua mdomo. Ndipo nikaiona kazi niliyoifanya. Nikakaa kwenye dawati la mwanafunzi, nikaweka sheria: tukishaanza hakuna Babu, kuna "mpinzani", na kila jibu lianze na "kwa heshima". Kisha binti akasimama.

"Kwa heshima, mpinzani, mkarafuu hauzai mwakani. Baba yangu kaungoja miaka, na bado anaungoja."

"Mpinzani kapatikana!" wenzake wakashangilia. Masikio yaliniwaka moto, na moyo ulijaa furaha.

Toka hapo hotuba sikuandika tena. Kila mmoja aliingia na kikaratasi chenye maneno machache ya kumkumbusha hoja zake. Kila mada tuliizungumza pande zote mbili, na upande wao niliwatajia mwishoni kabisa. Ikiwa mada ni mwani, walikwenda kuwauliza kina mama wanaoulima. Na kabla ya kumjibu mtu, lazima kwanza urudie hoja yake kwa haki, mpaka mwenyewe akubali kuwa ndivyo alivyosema.

Mwaka uliofuata tukafika fainali, Gombani pale pale. Mada ilikuwa wanafunzi waruhusiwe kuja na simu skuli, nasi tuliunga mkono. Mpinzani akaja na jambo ambalo hatukulitayarisha: wapo watoto ambao kwao hakuna simu, hao wataachwa nyuma. Nikashika kiti. Binti akaandika, akasimama.

"Mpinzani amesema asiye na simu ataachwa nyuma. Nimekunukuu sawa?"

"Sawa," kijana akajibu.

"Kwa heshima, mpinzani, leo hii ameshaachwa. Mwenzake anasomea simu nyumbani kwao, yeye haioni. Ikija darasani, dawati moja, wataisomea wawili."

Ukumbi ulisimama! Hata yule kijana alipiga makofi. Tulichukua kombe, na binti akatajwa msemaji bora. Bibi yake alipiga vigelegele mpaka mwenyekiti akaomba utulivu mara tatu.

Namshukuru bibi huyo aliyenipisha mlangoni. Namshukuru mwalimu aliyeitunza karatasi, na vijana walionivumilia. Wazazi, mtoto akikwambia "na wakisema jengine?", hajakuvunjia heshima. Msikilize, huo ndio mwanzo wa maandalizi.

Binti mwenyewe yupo hapa, safu ya pili, na tangu nianze anaandika. Mwanangu, simama. Uwaambie wazazi wapi nimekosea.