Ngoma Zinazolala Chumba cha Kufulia

Mgeni rasmi, Bi. Lois Chepkemoi, meneja mpya wa jengo letu la Cedar-Riverside huku ughaibuni, sisi kinamama wa Upatu na Djembe tunakupokea kwa mikono miwili. Mahamri yako mbele yako, kula huku ukitusikiliza.

TULIVYOANZA
Tulikuwa na upatu wetu wa pwani, ile sinia ya shaba igongwayo kwa vijiti, na kayamba moja. Akashuka kutoka ghorofa ya juu jirani yetu Kadiatou wa Guinea na djembe yake, ngoma ya mkono. Siku ya kwanza hatukusikizana kabisa. Upatu ulikimbia, djembe ikatuita nyuma. Halafu, hata hatujui ilikuwaje, vikaingiana kama moshi wa ubani na nguo, tukawa kama tunaelea.

TULIPOKOSEA
Bi. Zamzam alifiwa na mumewe Hilal. Eda ikaisha, lakini mlango hakufungua. Kadiatou akamwachia djembe imliwaze. Kwetu pwani ngoma hutiwa moto ndipo ilie, basi naye Januari akaiweka kando ya hita kutwa nzima. Hewa ya huku ni kavu. Ngozi ikapasuka.

"Shoga, umeikaanga," Kadiatou akamwambia.

"Nilitaka isione baridi."

"Haya, mpya utaitunza wewe."

TULICHOPATA
Tukawamba ngozi mpya, tukazihamishia ngoma chumba cha kufulia, kwenye mvuke. Sasa Bi. Zamzam hushuka kila asubuhi na taulo bichi. Akishaifunika djembe hukaa, akafumba macho. Mashine zikizunguka, yeye husikia ngoma ya msondo ya harusi yake ikija kutoka mbali, ndipo mkono wake mmoja ukagusa ngozi chini ya taulo, wa pili ukagusa shaba, taratibu, mpaka nguo za watu zikauke.

SHIDA NA OMBI
Tumeliona tangazo lako: vitu vyote vitolewe chumba cha kufulia ifikapo Ijumaa. Hatukulaumu, kazi ni kazi. Tunaomba pembe moja tu, upana wa kapu la nguo.

Ngozi ikipasuka tutawamba nyingine, hilo tumeshalizoea. Lakini asubuhi Bi. Zamzam atashuka kwenda wapi?

Alitukataza kumtaja. Tumemtaja.

Mungu akupe wepesi kazini na joto nyumbani kwako.

Ni sisi,
Kinamama wa Upatu na Djembe