Farasi Mwenye Mioyo Miwili

Noreen, andika kwanza tarehe: Alhamisi, tarehe tisa Oktoba, saa tatu na robo asubuhi, upepo wa magharibi, baridi nyuzi nne, theluji imeshika kilele cha mlima lakini bondeni haijafika. Nimekuwa mpima ardhi miaka thelathini na moja, na sijawahi kuanza hati bila kuandika hali ya hewa ya siku hiyo.

Sikilizeni, wanangu, na msinikatize, kwa sababu pumzi niliyo nayo nimeigawa kwa mambo manne tu.

La kwanza ni ardhi. Nyumba hii na shamba la majani lililo kusini mwa kijito ni vya Noreen. Farasi wote wa kuzalisha, zizi jipya na malisho ya juu hadi kwenye uzio wa kina Urrutia ni vya Garth. Uzio huo msiupime tena. Niliupima mwenyewe mara mbili, na ugomvi wenu na jirani kuhusu futi sita za mchanga na vichaka ni ugomvi wa bure.

La pili ni bizimu zangu za mikanda, kumi na moja, kila moja ya mbio ndefu za farasi nilizozimaliza ndani ya muda. Hizo ni za Noreen, kwa kuwa ndiye aliyenibebea maji na kuninyooshea farasi miguu kwenye vituo vyote. Garth, wewe ulikuwa mtu wa hesabu na vitabu, hukupenda vumbi, na sikulaumu. Tandiko langu la zamani pia ni la dada yako.

La tatu ni kombe.

Usigeuze uso dirishani, Garth. Najua picha yake imo kwenye jalada la orodha yako ya mauzo, na najua wanunuzi wanatoka mbali kwa sababu watoto wa farasi wako ni damu ya Tansy, farasi wangu aliyelitwaa moja kwa moja. Nitaeleza jinsi alivyolitwaa, hatua kwa hatua, kwa sababu hata marehemu baba yenu sikumweleza.

Masharti yalikuwa kwamba atakayeshinda mbio za farasi za maili hamsini za Cutbank mara tatu atalichukua kombe asilirudishe. Ilipofika Mei ya mwaka tisini na nne, mimi nilikuwa nimeshinda mara mbili, na Benat Urrutia, baba yake jirani yetu Maite, naye mara mbili. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, na saa tano na dakika hamsini na mbili tuliingia pamoja kituo cha mwisho, maili ya arobaini, jua likiwaka. Mnajua utaratibu: mapumziko ya nusu saa hayaanzi kuhesabiwa mpaka mapigo ya moyo wa farasi yashuke hadi sitini. Dolores, mmoja wa waliojitolea kupima mapigo, alimsikiliza Tansy sekunde kumi na tano, akapata kumi na tano, akazidisha kwa nne, sitini kamili. Akaniandikia saa.

Harri, farasi wa Benat, alisikilizwa na Lyle Prentiss, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameshika stetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo, siku ile. Moyo wa farasi hutoa sauti mbili kwa pigo moja. Farasi waliomtangulia Harri walimjia Prentiss mioyo ikikimbia hata sauti mbili zikamjia kama moja, akahesabu sawasawa. Harri alikuja moyo wake umetulia mno, hata kila sauti ikasikika peke yake, naye akazihesabu zote.

"Ishirini. Mara nne, themanini," akasema. "Bado, mzee. Rudi baada ya dakika kumi."

"Themanini? Huyu anakula nyasi, mwalimu. Mtazame masikio, karibu alale."

"Namba ndiyo namba, bwana."

"Haya. Wewe ndiye mwalimu," Benat akasema, akamwongoza farasi wake kivulini.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, stetoskopu yangu ikining'inia shingoni. Nilikuwa nimemwona Prentiss akipiga kidole kwenye paja: mara mbili upesi, kimya, mara mbili upesi, kimya. Nilijua papo hapo. Kanuni zilimruhusu mshindani yeyote amwite daktari wa mifugo ahesabu upya. Benat hakumwita kwa sababu hakuwa na desturi ya kubishana na watu wanaojitolea. Mimi sikumwita kwa sababu nililitaka kombe.

Baada ya hizo dakika kumi daktari mwenyewe ndiye aliyemsikiliza Harri, akapata kumi. Arobaini. Mapumziko yake yakaanza dakika kumi na moja baada ya yangu, nami nilimaliza mbele yake kwa dakika nne. Fanyeni hesabu wenyewe.

Jioni, kwenye chakula cha washindi, walimtania, "Benat, leo umezeeka, umeshindwa na mama wa watoto wawili." Naye akasimama na sahani yake ya maharage, akasema, "Jamani, nimegundua Harri ana mioyo miwili. Mmoja unapanda mlima, wa pili unasubiri Idella apite." Watu wakacheka. Alinitazama mimi aliposema. Nilicheka pamoja nao, na miaka yote hiyo hadi anazikwa hakulitaja tena.

Noreen, nipe maji.

Basi kombe aende nalo Garth kwa Maite, mwenyewe, kwa mkono wake, si kwa posta. Mei ijayo hati hii isomwe mbele ya wapanda farasi wote. Na picha itoke kwenye jalada. Watoto wa Tansy ni farasi wazuri bila uongo wangu, na wasiponunuliwa, wapandeni ninyi.

Unasema nini, Garth? Kwamba mwalimu wa hesabu hawezi kukosea kuhesabu hadi ishirini? Hakukosea, mwanangu. Alihesabu sawasawa kitu kisichopaswa kuhesabiwa.

La nne ni baraka, na ni fupi. Katika mchezo wetu farasi hatumwulizi kama amefika, tunamwuliza kama bado angeweza kuendelea. Mungu awajalie kila mwisho wa safari... muwe bado mnaweza kuendelea. Mpendane. Kina Urrutia ni jirani zenu.

Garth, stetoskopu yangu iko kwenye msumari, nyuma ya mlango. Ichukue. Weka hapa kifuani pangu, kushoto. Noreen atashika saa... sekunde kumi na tano. Sitasema kitu.

Ngapi?

Ishirini... Hapana, baba. Umezihesabu zote mbili. Ndivyo alivyofanya yule. Usilie, hutasikia. Mbili ni moja. Anza tena.

Kumi.

Mara nne... andika, Noreen. Arobaini.