Maandishi Niliyoyapaka Chokaa

Ndugu zangu wa jumuiya, karibuni juu. Mbao zikilia msishtuke, zilibeba marobota ya pamba miaka mingi kabla ya kutubeba sisi. Mmeniomba niseme Mungu alikonitoa, nami nitasema, ila msitegemee unyenyekevu mwingi. Hasira ninayo bado, afadhali mjue mapema.

Ghala hili nililinunua. Halikuwa likiuzwa.

Mnajua nilikuwa mama lishe machimboni, upande wa Geita. Nimepika ugali na maharage pembeni ya maduara, yale mashimo ya dhahabu, wanangu Kulwa na Doto wakilala ndani ya turubai. Dhahabu ikihamia kwingine, nasi tunakunja turubai tunaifuata. Nilitaka kitu kimoja tu: wanangu walale chini ya bati lisilohama.

Hapo mwenzangu mmoja akanipigia simu. Jina silitaji, na nyie mnaolijua fungeni midomo. Ndiye mama wa ubatizo wa Doto. Alisimama altareni akamwekea mwanangu mkono begani.

"Mama Kulwa, njoo Shinyanga," akasema. "Marehemu mjomba ameniachia lile ghala la pamba la zamani. Chini utaweka mgahawa, juu utakata vyumba upangishe. Sitaki liende kwa mgeni."

Nikaja. Funguo anazo, analala humo humo. Lakini ukutani kulikuwa na maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Nikamuuliza. Akacheka.

"Hayo ya kufukuza matapeli, mayu, mama yangu. Ukishanunua, futa."

Ndugu zangu, nawaambia, nilifuta kwa mkono wangu. Niliuza ng'ombe alioniachia baba, nikamkabidhi kila nilichokuwa nacho, tukaandikiana karatasi jikoni bila shahidi. Nani anamwita mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya mama wa ubatizo wa mwanawe? Kisha nikachanganya chokaa ndoo nzima, nikapanda, naye akanishikia ngazi. Alinishikia ngazi! Hilo linaniuma kuliko ng'ombe.

Wiki ile akaaga anakwenda msibani Buseresere. Mimi nikaanza kugawa vyumba, simu yake haipatikani, nikasema masikini, msiba umekuwa mzito. Mpaka mvua ya kwanza iliponyesha. Asubuhi yake Kulwa akatoka kupiga mswaki, nikamsikia anasoma kwa sauti kama yuko darasani: "Nyumba hii haiuzwi." Chokaa ilikuwa imeshuka, rangi ya mafuta imebaki.

Nikakimbia kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaniambia mwenye ghala yu hai, ni mzee anaishi Kahama, na yule mwenzangu alikuwa mlinzi wake tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa kwenye ngazi hizo mlizopanda, sikulia, nikachukia tu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanguka kweli. Akaja mama mmoja muuza mchele, amesikia kuna ghala linafaa kwa makazi, anatafuta pa kununua akae na watoto. Nikamwambia, "Lipo, njoo kesho." Nikachanganya chokaa tena. Ndiyo, mimi huyu. Nilisema moyoni, nilivyofanyiwa nami nitafanya.

Yule mama akawahi. Akanikuta nahangaika na ngazi inayoteleza. Akaweka kikapu chini.

"Subiri, dada, nikushikie," akasema, akaishika kwa mikono miwili.

Nikairudisha brashi ndooni. Nikashuka. Nikamwambia, "Mama, usinunue. Si langu."

 Angeweza kunitukana, na ningestahili. Akasema tu, "Mimi kesho nafuata mchele Kahama. Twende ukamwone mwenyewe."

Tukampata mzee. Nikampa shikamoo, nikapiga magoti, nikaeleza yote, hata ndoo ya pili ya chokaa. Nilikuwa nangoja aite polisi. Yeye akauliza, "Mbao za juu umezifanyaje?"

"Nimezipaka oili chafu, baba, mchwa wasile. Sijang'oa hata moja."

 "Yule niliyempa funguo hakuwahi hata kupafagia," akasema. "Rudi ukamalize vyumba. Ghala ni langu, wewe utalitunza na utakaa na wanao. Ila safari hii tunaandikiana mbele ya mwenyekiti."

Basi, ndiyo haya mnayoyaona. Wabeja sana, mzee wangu, huko uliko. Asante mwenyekiti. Na asante wewe muuza mchele, unayenikonyeza hapo mlangoni nimalize chai isipoe. Chumba chako ndicho chenye dirisha kubwa, na unakistahili.

Funzo langu ni fupi. Mtu mwenye funguo si lazima awe mwenye nyumba. Mpende, kula naye, lakini mwite mwenyekiti. Mwenzio akichukia shahidi, ujue kuna jambo.

Mwenzangu hajaonekana mpaka leo. Kumsamehe najaribu, siku nyingine nashindwa. Doto anakaribia kipaimara, ananiuliza mama yake wa ubatizo atakuja lini, nami najifanya sijasikia.

Mkishuka, tazameni ukuta wa mbele. Maneno yale nimeyarudishia mwenyewe kwa rangi ya mafuta, mara mbili. Mstari umepinda kidogo mwishoni, kwa sababu kila baada ya herufi moja nilikuwa nageuka kumtazama muuza mchele aliyenishikia ngazi. Alikuwepo mpaka nilipomaliza.