Swali la Nne la Mervyn Hosking

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ni saa nne kamili hapa Burrandool. Kwa miaka thelathini na minne, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kama hii mlikuwa mnaisikia sauti moja tu. Sauti ya Mzee Mervyn Hosking na maswali yake matano ya maarifa ya jumla. Leo hamtaisikia. Mervyn alifariki juzi Jumanne, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Narudia kwa ambao ndio kwanza mnafungua redio: Mervyn Hosking amefariki. Mimi ni Roslyn, yule anayepokea simu zenu upande wa pili wa kioo.

Wengi wenu mmenipigia tangu Jumanne mkitaka nimpambe marehemu. Nitampamba pale anapostahili. Kwingine nitasema kama ilivyokuwa, kwa sababu nimeombwa niseme, na aliyeniomba ana haki kuliko sisi sote.

Mervyn alikuwa mtu wa reli. Kwa miaka mingi alikaa kwenye kibanda cha ishara pale njia panda ya reli, akiruhusu treni hii na kuizuia ile. Kazi ile haina kukosea. Ukikosea, watu wanakufa. Dada yake, Bi Olwyn, anasema tabia hiyo alirudi nayo nyumbani kila siku pamoja na mkebe wake wa chakula. Kila kitu kwake kilikuwa sahihi au si sahihi.

Alikuwa na mke, Valda, na mtoto mmoja, Janelle. Mtoto alipoanza kusoma, Mervyn akanunua ensaiklopidia, vitabu ishirini na vinne, akavipanga sebuleni. Tangu hapo, kila jioni kabla hawajagusa vijiko, anamuuliza mtoto swali moja. Mtoto akikosa, anaosha vyombo. Akipata, baba ndiye anayeosha. Bi Olwyn alikuwa akienda kula kwao siku za Jumapili, na anakumbuka kwamba Janelle alipofika miaka tisa, Mervyn alikuwa karibu kila siku yuko kwenye sinki, mikono imejaa povu, analalamika huku anacheka. Siku moja mtoto akamgeuzia kibao, akamuuliza pweza ana mioyo mingapi. Baba akasema mmoja. Mtoto akasema mitatu, akamletea na kitabu. Mervyn akaosha vyombo vya siku ile, na vya kesho yake akaviosha pia bila kuambiwa. Siku zile alikuwa anajua kushindwa, wasikilizaji wapendwa.

Treni zilipoacha kupita mji huu, akaja hapa kituoni na karatasi yake ya maswali. Mnajua kilichofuata, maana ninyi ndio mlikuwa washindani. Saa nne, wakati wa chai, redio iko dirishani, keki iko mezani, kila sehemu ya kazi ni timu. Manesi wanawaombea mabaya watu wa karakana ya halmashauri, watu wa karakana wanasema manesi wanasomewa majibu na wagonjwa. Zawadi ni bati la biskuti kila Ijumaa. Na kila siku, kabla ya swali la kwanza, Mervyn anasoma sheria yake moja: neno la muulizaji ndilo la mwisho. Sheria hiyo hakuitunga yeye. Popote maswali yanapoulizwa katika nchi hii, iwe baa au ukumbi wa kanisa, ndiyo sheria, la sivyo tungekuwa tunabishana mpaka leo. Tuliipenda sheria ile. Ilitupunguzia ugomvi.

Sasa nafika mwaka 2007. Valda alikuwa hospitalini. Jioni moja Mervyn akaambiwa kwamba hali ya mkewe si nzuri na mtoto aitwe. Janelle alikuwa ameshaolewa, anakaa Tilmunda, dakika arobaini kwa gari. Mervyn hakupiga simu. Alijiambia kesho bado ipo. Asubuhi akambusu mkewe, akaja hapa kusoma maswali. Valda akafa saa nne na dakika kumi, na Mervyn alikuwa kwenye swali la tatu.

Janelle alikuwa anamsikiliza. Alikuwa ndani ya gari, anakuja kumwona mama yake, lakini hakuwa na haraka. Juzi alinieleza kwa maneno haya: "Nilipomsikia anasoma maswali, nikajua mama hajambo. Nikasimama njiani kununua maua."

Baada ya maziko baba na mtoto hawakusemezana tena. Hapakuwa na kelele wala matusi. Mtoto alimwambia baba yake, "Ulikwenda kusoma maswali," akapanda gari. Basi.

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja niko kwenye kiti changu, Mervyn kafika swali la nne, taa ya simu ikawaka. Nikapokea. Nikasikia, "Janelle, wa Tilmunda." Nikababaika, nikamwonyesha Mervyn jina kupitia kioo. Alilitazama, akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza farasi jike anabeba mimba miezi mingapi. Janelle akasema kumi na mmoja. Mervyn akasema ni sahihi, asante, anayefuata. Kesho yake Janelle akapiga tena, swali la nne. Na kesho kutwa.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka kumi na mmoja, mzee huyu na mtoto wake. Swali moja, jibu moja, kila siku ya kazi. Mtoto hakumwita baba. Baba hakumwita mwanangu. Hawakuulizana hali. Lakini Mervyn alikuwa anakesha moyoni na lile swali la nne, analitafuta tangu mchana wa jana yake, lisiwe jepesi mtoto akadharau, lisiwe gumu akakosa. Maswali mengine manne aliyaokota popote. Na ninyi mlijua. Hakuna aliyewaambia, lakini hata karakana, ambao wanapiga simu kama wanafukuzwa, swali la nne walikuwa wanaliacha. Kwa hilo nawashukuru. Kwa mengine sijui.

Februari mwaka 2019. Ukame mwaka wa tatu. Mto ulikuwa umebaki matope na harufu ya samaki. Mnakumbuka maji ya kunywa yaliletwa kwa malori. Swali la nne siku ile lilikuwa hili: bara lipi ni kavu kuliko yote duniani?

Kila mtu Burrandool alijibu kabla swali halijaisha. Hata mimi nilijibu. Tumefundishwa shuleni, watoto wetu wamefundishwa, na tulikuwa tunalitazama dirishani: Australia. Karatasi ya Mervyn ilisema hivyo hivyo. Taa ikawaka. Janelle, wa Tilmunda. Akasema, "Antaktika."

 Mervyn akasema, kwa ile sauti yake ya mzaha mliyoizoea, "Hapana, si Antaktika. Ni hapa hapa tulipo. Toka nje uone." Nikasikia vicheko kwenye laini nyingine iliyokuwa inasubiri. Na mimi nilicheka. Nasema hivyo wazi.

Janelle akasema, "Baba, kati ya mabara yote..."

Baba. Miaka kumi na mmoja hajalitamka. Mervyn alilisikia, kwa sababu nilimwona kupitia kioo, mkono wake ukaacha kalamu. Ningekuwa mimi ningesimamisha kipindi. Yeye akashika alichokizoea. Akasema, "Neno la muulizaji ndilo la mwisho. Anayefuata." Taa ya Janelle ikazimika.

Wasikilizaji wapendwa, jibu sahihi ni Antaktika. Australia ni kavu kuliko yote kati ya mabara yanayokaliwa na watu. Hayo maneno matatu ya mwisho sisi tunayasahau, maana sisi ndio hao watu, na hakuna aliyekuwa na kiu kuliko sisi. Mervyn aliyaacha ili swali liwe fupi. Narudia, jibu sahihi lilikuwa Antaktika.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku ileile, saa nane mchana, Mervyn alirudi hapa kituoni. Jua linawaka, kaja kwa miguu, kabeba kitabu kimoja kati ya vile ishirini na vinne. Akakifungua juu ya meza yangu, akaweka kidole. Akasema, "Mtoto yuko sahihi." Nikamwambia ampigie simu. Akasema hapana, alimkosea hewani, atamrudishia haki yake hewani, kesho saa nne. Nikaona ni jambo la kiungwana. Nikamsifu hata.

Kesho yake alikuja na masahihisho, ameyaandika kwa mkono kwenye karatasi, amevaa na tai. Kabla hajaanza, simu ikalia, ilikuwa karakana. Sitamtaja jina, mwenyewe yuko anasikiliza na amekwisha kunililia tangu juzi. Alikuwa anatania tu. Akasema kuna mtu hapa anadai jana ulikosea, mzee, nasi tumemwambia siku Mervyn Hosking atakapokosea tutaacha kunywa bia. Karakana nzima ikaangua kicheko. Mervyn naye akacheka. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akasoma swali la kwanza.

Alipofika la nne, taa haikuwaka. Wala kesho yake. Wala wiki ile. Janelle hakupiga tena.

Nilimwambia Mervyn, sema. Akasema Ijumaa. Ijumaa akasema Jumatatu. Kisha akaanza kuniomba mimi niyasome masahihisho hayo kwa niaba yake. Nikakataa. Nikamwambia aliyekosea ni wewe, sema mwenyewe, mimi si mdomo wako. Niliona namtendea jambo la maana, namlazimisha awe mwanaume. Mwaka ukaisha. Baada ya hapo ikawa aibu kusema, maana ungesemaje, kwamba umekaa na kosa mwaka mzima? Kisha ikawa miaka miwili. Kisha sita.

Mnakumbuka mlivyokuwa mnalalamika. Mlisema mzee amechoka, anauliza swali la nne halafu anakaa kimya, redio inakuwa kama imekufa. Mlipiga simu mkasema apumzishwe. Hakuwa amechoka. Alikuwa anaitazama taa. Nusu dakika nzima, kila siku, miaka sita. Kisha anasema jibu mwenyewe, anakwenda la tano. Na mimi nilikuwa na namba ya Janelle kwenye daftari la simu, imeandikwa kwa mkono wangu, hatua moja kutoka kiti changu. Sikuipiga. Nilisema moyoni hayo ni mambo ya mtu na mtoto wake.

Bi Olwyn ndiye aliyemkuta Jumanne, kwenye kiti chake sebuleni. Maswali ya wiki hii yote yalikuwa tayari, yako mezani. Bi Olwyn ni mama wa miaka themanini na mmoja, hana haya na mtu. Aliniambia, "Kaka yangu alijua mji mkuu wa kila nchi duniani. Kumpigia mtoto wake simu hakujua." Kisha akalia, na mimi nikalia.

Nilipompigia Janelle, shangazi yake alikuwa ameshampa habari. Sauti yake haikuwa na machozi. Alinisikiliza nikitoa pole, nikasema baba yako alikuwa hivi, alikuwa vile. Akanikatiza. Akasema ana swali moja tu.

"Alijua? Ile siku ya Antaktika. Alikuja kujua kwamba nilikuwa sahihi?"

Nilidhani nampelekea faraja, wasikilizaji wapendwa. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ninalo jibu. Nikamwambia, "Alijua, Janelle. Siku ileile, saa nane mchana. Alikuja na kitabu."

 Nikasikia saa ya ukutani kwake. Kisha akasema, "Mimi nilidhani hakuwahi kujua. Nilikuwa namsikiliza kila siku, Roslyn. Kila jibu la swali la nne nilikuwa nalo. Nilijiambia huyu mzee hajui tu, na asiyejua hana kosa. Miaka sita namsamehe kwa hilo." Akavuta pumzi. "Sasa nimsamehe kwa lipi?"

 

Akaniambia niseme yote hewani, nisiache kitu, kwa sababu mji mzima ulimsikia akiambiwa amekosa. Nimesema. Akaniambia pia kwamba Ijumaa hatakuja. Nilimbembeleza. Akasema kwaheri kwa adabu, akakata.

Mazishi ni Ijumaa, saa tano, kanisani, na chai itakuwa ukumbini. Bi Olwyn, pole mama. Umebaki peke yako katika watoto wa Hosking, na mji huu utakuja kukushika mkono, najua. Kwenu mliocheka siku ile, sitawahukumu, nilikuwa mmoja wenu. Ila kila mmoja aketi leo ajiulize ni jambo gani analijua tayari na hajalisema, na ni nani anayekaa upande wa pili akidhani kwamba mwenzake hajui. Msiniambie mimi. Mwambieni yeye, na mwambieni leo.

Janelle, kama redio yako iko wazi huko Tilmunda: pole, mwanangu. Mimi nilijua siku ileile, pamoja naye. Miaka sita nilikuwa na namba yako na nikanyamaza. Naomba radhi, na najua haikusaidii kitu.