Mama Vifungo na Sahihi ya Kaka Yake

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi wenzake, marehemu mpendwa wetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Vifungo, alizaliwa Ijumaa ya tarehe 9 Machi 1979, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na bomba moja, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi viatu na mkewe muuza mkaa, na kaka yake aliyemtangulia kwa miaka tisa ndiye huyu anayewasomea.

Alianza darasa la kwanza Januari 1987, mwandiko wake ukawa mzuri hadi majirani wakawa wanamletea barua zao awaandikie, na baba alipofariki kwa ugonjwa wa kifua Mei 1991, mama aliapa kwamba binti atasoma hata kama wao watakula mara moja kwa siku, akasoma kweli, Januari 1994 akaingia kidato cha kwanza, akakaa huko miezi mitano.

Msimamizi wa ghala la saruji, mwanamume wa miaka thelathini na minane, alikuwa akimwona akirudi shuleni, akamwita kaka mtu, ambaye alikuwa mwaka wa pili hana kazi, akamwambia ghalani anatafutwa mtu wa kutunza stoo, na kwamba shemeji hamtupi shemeji. Sheria ilisema msichana aliyefikisha miaka kumi na mitano anaweza kuozwa kabla ya kumi na minane iwapo baba yake atakubali, baba akiwa amekufa akubali mama, na wote wawili wasipokuwepo ndipo mlezi aweke sahihi. Mama aliulizwa mara mbili, na mara zote mbili alijibu, "Mwanangu hajamaliza hata daftari la kwanza, nimwoze nini?"

Basi Jumatano ya tarehe 22 Juni 1994, kaka alimwambia mdogo wake wanakwenda kununua viatu vya shule, akampeleka ofisi ya msajili wa ndoa, alikokuwa akisubiri msimamizi yule, na kwenye fomu, palipoulizwa habari za wazazi, akaandika baba amefariki, na hilo lilikuwa kweli, kisha akaandika mama amefariki, hali mama wakati huo alikuwa sokoni anapima mkaa, halafu akaweka sahihi yake mahali pa mlezi. Karani alimuuliza marehemu, "Unakubali kuolewa na huyu?" Marehemu aliinamisha kichwa, kaka akamfinya kiwiko, karani akasubiri kidogo, akasema, "Kimya ni jibu," akaandika ndiyo, akagonga muhuri.

Kesho yake mama alifika ofisini bado ana masizi mikononi, karani akalifungua jalada, akamwambia, "Mama, kwa mujibu wa fomu hii wewe umeshafariki." Mama akamjibu, "Basi andika kwamba maiti amekuja kumfuata mwanawe." Makarani walicheka, wakamwelekeza mahakamani, naye hakuujua mlango wa mahakama ulikokuwa, akawa anarudi ofisini pale pale, hadi mlinzi akakatazwa kumfungulia, na tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 1999, hakumtaja tena mwanawe wa kiume kwa jina, alimwita "Mlezi".

Marehemu alishika mimba ya kwanza akiwa na miaka kumi na sita, akakaa na uchungu siku mbili ndani ya chumba, kwa kuwa mumewe alisema wanawake wote huzaa, mtoto akazaliwa amekufa tarehe 2 Novemba 1995, na yeye akabaki na jeraha la kuvuja mkojo, akahamishiwa chumba cha uani, akala peke yake, akalala peke yake kwa miaka mitatu, na kaka yake, aliyekuwa akipokea mshahara kwa mkono wa shemeji, alipita uani pale akielekea kazini, akisalimia bila kusimama. Alitibiwa hospitalini mwaka 1998, na huko wodini mgonjwa mwenzake alimfundisha kushona, akatoka na ufundi wa sare za shule uliompa jina mlilomjua kwalo, maana vifungo vyake havikuwahi kung'oka, hata mtoto awe mtundu namna gani.

Alipopona mumewe alimrudisha chumbani, na tarehe 14 Agosti 2001 alijifungua binti kwa upasuaji, ndiye mtoto wake pekee aliye hai. Binti alipofikisha miaka kumi na mitano, baba yake aliamua kumwoza kwa rafiki yake mmoja, na marehemu alipokwenda ofisini kupinga, aliambiwa kwamba baba akiwa hai, mama hana sahihi. Jumatatu ya tarehe 5 Septemba 2016 binti alifikishwa pale, kaka naye akiitwa kuwa shahidi, akaja, kwa sababu alikuwa bado wa ghalani. Marehemu alizuiwa kuingia, akasimama nje ya dirisha. Karani mpya, msichana mwenye umri mdogo, alimuuliza binti kama anakubali, binti akainamisha kichwa, na baba akasema, "Amekubali huyo, ana haya tu." Ndipo sauti ikatoka dirishani: "Karani, mwanangu amenyamaza. Andika amenyamaza. Usiandike ndiyo."

Karani alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika kimya, hakupaona, akaweka kalamu chini, akauliza mara ya pili, na binti akainua uso, akasema, "Sitaki."

Jioni ile marehemu na binti yake walifukuzwa nyumbani, wakahamia kwenye chumba cha cherehani, na kaka aliacha kazi wiki iliyofuata, jambo ambalo asisifiwe kwalo, kwa kuwa alichelewa miaka ishirini na miwili. Binti alisoma, leo ni fundi umeme.

Figo za marehemu zilianza kushindwa mwaka 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mwezi uliopita kaka alipiga magoti kando ya kitanda akaomba msamaha. Marehemu alimtazama, akasema, "Kaka, nimechoka kukuchukia, lakini kuchoka si kusamehe. Historia yangu utaisoma wewe, na usiruke kitu." Wazee wa familia waliomba sehemu ya ndoa ifupishwe, haikufupishwa. Aliaga dunia Jumanne ya tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitano, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliompikia uji na kumbeba hadi garini, na mafundi wenzake waliomalizia sare alizoziacha mezani. Msamaha marehemu hakuutoa, na hakuna anayeweza kuutoa kwa niaba yake, kwa hiyo kaka yake hauombi kwenu, anaomba tu mmsikie akikiri kwamba mama yao alikuwa hai.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu.