Wilfred Pellow (1926–1979): Aliyewaketisha Ndugu Saba Meza Moja

Marehemu Wilfred Arthur Pellow alizaliwa tarehe 14 Februari 1926 katika mji wa bandari wa Plymouth, Uingereza, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Arthur Pellow, seremala wa meli za kivita, na Bibi Edith, mshonaji. Maisha yake yanasomwa hapa kwa Kiswahili kama alivyoagiza mwenyewe. Alisema waombolezaji wake watakuwa Waacholi, Waganda, Wakongo na Waingereza wawili watatu, na kwamba hao Waingereza wameishi hapa vya kutosha, wajitahidi.

Alisoma Plymouth hadi umri wa miaka kumi na minne, akaacha shule ili amsaidie baba yake. Mwaka 1944 aliingia jeshini, akaletwa Afrika Mashariki, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili kutoka kwa askari. Vita vilipokwisha alirudi kwao, akajiunga na chuo cha maigizo mjini Bristol na kuhitimu mwaka 1950. Kwa miaka kumi aliongoza michezo ya kuigiza ishirini na miwili katika miji ya kaskazini ya Uingereza. Alikuwa ameanza kutajwa magazetini alipokubali mkataba wa miaka miwili wa kufundisha uigizaji Kampala. Alishuka kwenye garimoshi tarehe 9 Septemba 1960. Mkataba ulikwisha, yeye akabaki.

Alipanga nyumba karibu na soko la Kalerwe, akaunda kikundi chake kilichofanya mazoezi katika ukumbi mmoja huko Mengo. Hakuwa mtu wa kusifu. Mwigizaji akimaliza maneno yake, vizuri au vibaya, yeye alisema neno moja tu: "Tena." Akina mama wa Kalerwe, waliomsikia akiwazoeza vijana uani kwake, wakamwita Bwana Tena, na wengi waliofika hapa leo hawajui jina lake jingine.

Aliyemshonea mavazi ya jukwaani alikuwa Bi Rosalba Ayot. Mwaka 1965 marehemu alisafiri hadi Gulu kumposa. Kiswahili chake wakati huo kilikuwa cha kambini, yaani amri tupu, na akitaka kumkaribisha mkwe wake kwenye kiti kwa heshima zote alimwambia, "Mzee, kaa chini upesi." Mzee Oloya, ambaye naye alikuwa askari wa zamani, alipiga saluti, akaketi, akajibu, "Ndiyo, afande." Maongezi ya mahari hayakuwa magumu baada ya hapo. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1965, wakajaliwa watoto wawili, Atim na Komakech.

Jeshi lilipotwaa nchi mwaka 1971, Waacholi walianza kuuawa katika kambi na vituo. Shemeji yake Santo Oloya, anayesoma maneno haya, aliacha upolisi na kujificha kwa marehemu miezi minne. Mwaka uliofuata Wahindi walifukuzwa, na Waingereza nao wakafungasha. Marehemu aliletewa barua ya ubalozi ya kumhimiza aondoke na familia yake. Mkewe alimwuliza wazi: wenzake wote wanaenda, yeye anangoja nini?

"Nangoja mazoezi ya Alhamisi," alijibu.

Bi Ayot anasema alikasirika siku mbili, kisha akafungua sanduku alilokuwa amekwisha kulipanga.

Mchezo waliouzoeza baadaye uliitwa *Sahani ya Saba*, alioutunga yeye na kikundi chake. Ndugu saba wanakutana kula nyumbani kwa baba yao baada ya kumzika, na kila mmoja ana neno lililomkaa rohoni. Kaka mkubwa aliigizwa na Olweny, karani wa posta, kijana mwenye sauti iliyofika hadi barabarani bila kupaazwa. Mchezo ulikuwa uanze Ijumaa, tarehe 22 Machi 1974. Jumanne ya wiki hiyo watu waliovaa kiraia walimchukua Olweny mlangoni pa kazi yake, wakamtia kwenye buti la gari. Hakuonekana tena. Ukumbi ukafungwa, na watu wakaogopa hata kusimama wanne pamoja.

Mama yake Olweny alikwenda kwa marehemu wiki tatu baadaye. Hakulia. Alitoa picha ndogo ya kitambulisho, akasema hii ndiyo aliyobaki nayo, sura imeanza kufifia, na sauti haimo.

"Bwana Tena," alisema, "wewe umekaa na sauti ya mtoto yangu miaka sita. Umeweka wapi?"

Marehemu alimwambia mkewe baadaye kwamba kwa miaka ishirini na minne alijivunia kuwa mchezo wa jukwaani huisha taa zikizimwa, na leo amejiona mpumbavu.

Hivyo ndivyo mwongozaji wa jukwaani alivyoingia kwenye filamu, akiwa na miaka arobaini na minane. Mpiga picha mmoja wa Kihindi, alipokuwa akifukuzwa nchini, alikuwa amemwachia kamera na kinasa sauti. Alivisomea kwenye kijitabu kama mtoto wa shule. Mkanda wake wa kwanza ulirudi mweusi mtupu, wa pili ulionyesha watu wasio na vichwa. Hakukata tamaa. Kwa kuwa watu saba hawangeweza kukutana bila kushukiwa, aliamua kumpiga picha kila mwigizaji peke yake, nyumbani kwake, mchana, kisha aziunge picha hizo ionekane wote wamekaa meza moja. Bi Ayot alishona kitambaa cha meza cha kijani kibichi kilichozungushwa nyumba saba ndani ya kikapu cha mboga. Ukutani marehemu alibandika vipande vya karatasi vyenye majina, ili mtu ajue atazame wapi akizungumza na ndugu yake asiyekuwepo.

Nafasi ya Olweny hakuna aliyetaka kuichukua. Marehemu alimpa shemeji yake Santo, ambaye maishani mwake alikuwa ameandika ripoti tu, hajaigiza hata shuleni. Sentensi moja ya kumsamehe mdogo wake aliirudia mara kumi na tisa. Mara ya ishirini marehemu hakusema "Tena." Alizima kamera, akaenda kusimama uani.

Kazi iliendelea tangu Aprili 1975 hadi Desemba 1976. Mikanda ilisafishwa Nairobi, ikisafirishwa ndani ya marobota ya vitenge na Bi Marie-Louise, mfanyabiashara kutoka Bukavu mwenye duka Nakasero, aliyekataa kuulizwa kwa nini anajihatarisha. Februari 1977 wanajeshi walimkamata marehemu, mtu alikuwa amewatonya. Walitaka kujua filamu inahusu nini. Alisema inahusu watu wanaokula. Walimshikilia siku tisa kwenye saruji yenye maji, na katika siku hizo zote hakutaja jina la mtu hata mmoja. Alipoachiliwa alikuwa anakohoa, na kikohozi hicho hakikumwacha.

Aliiunga filamu mwaka mzima wa 1978, mkewe akimsaidia kukata, kwa maana jicho la mshonaji, alisema, halikosei mshono. Ilitoka dakika hamsini na mbili.

Utawala ulipoanguka, *Sahani ya Saba* ilionyeshwa katika ukumbi uleule wa Mengo, Jumamosi, tarehe 16 Juni 1979. Marehemu aliletwa akiwa amebebwa kwenye kiti. Waigizaji sita walifika, mmoja bado yuko uhamishoni. Kwa mara ya kwanza walijiona wamekaa pamoja, wakipokezana chumvi, wakijibizana, na ukumbi ukacheka mahali walipotaka ucheke. Mama yake Olweny alikaa mbele. Filamu ilipokwisha alimfuata Santo, akamshika mkono.

"Umemshikia mtoto yangu nafasi vizuri," akasema.

Marehemu alisikia. Wanaomfahamu wanajua hakuwa mtu wa machozi, na siku ile hakuyaficha.

Mapafu yalikuwa yamechoka. Alilazwa hospitali ya Mengo tarehe 20 Agosti, akahudumiwa kwa upendo ambao familia inaushukuru, na akafariki Jumatatu, tarehe 3 Septemba 1979, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Bi Rosalba Ayot. Watoto wawili, Atim na Komakech. Dada mmoja, Bi Winifred, aliyeko Plymouth. Shemeji yake Santo. Na waigizaji zaidi ya sitini aliowafundisha, ambao baadhi yao wameanza kufundisha wengine. Jumanne ijayo wanaanza kupiga filamu mpya, na mwongozaji wake ni Atim, mwenye miaka kumi na tatu, kwa sehemu ya kwanza tu, kwa sababu ndivyo baba yake alivyoandika kwenye karatasi aliyoiacha kando ya kitanda chake hospitalini.

Bwana ampokee mtumishi wake, ampe usingizi mtamu wa mtu aliyeimaliza kazi yake.